Mbao za Dirisha la Nesi

Walisema haitawezekana. Nyumba ya Nesi, walisema, ilijengwa na setla wa Kizungu aliyekuwa na vibarua wa kupasua kuni mwaka mzima, na bila vibarua hao haitapata joto hata ukiitia moto. Waliyasema hayo katika hoteli ya chai pale Endarasha, mimi nikiwa nimekaa meza ya pili, nao wakijua kwamba nasikia.

"Ati huyu amesomea baridi ng'ambo," mmoja alisema. "Baridi ni yetu tangu zamani. Si angetuuliza sisi?"

"Mwache. Ako na diploma ya kuziba matundu."

"Panya watamshukuru."

Wakacheka mpaka mwenye hoteli akatoka jikoni kuona kuna nini. Mimi nikamaliza chai yangu. Nilizaliwa Gakindu, kwenye kahawa, na nilivaa viatu vyangu vya kwanza siku ya kupanda ndege. Ng'ambo niliosha sufuria za watu mchana na kusoma ujenzi jioni, na nikarudi na diploma ambayo katika lokesheni yetu nzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Sikuvuka bahari nije kushindwa na mawe ya setla. Nasema mapema, ili msomaji asihangaike: sikushindwa. Nyumba ile ilipata joto. Lakini ninayetaka kumweleza hapa ni mwenye nyumba, na habari zake si za furaha.

Kila mtu alimwita Nesi, toka barabara kuu mpaka ukingoni mwa msitu. Hata mchungaji, ambaye alikuwa na jina lake katika kumbukumbu za ubatizo, alimwita Nesi. Alikuwa amestaafu kutoka hospitali ya misheni, na shamba la setla lilipogawanywa kwa wenye hisa waliolinunua, yeye aliangukiwa na kiwanja chenye nyumba. Wengine walimhurumia. Kila mtu alitaka ardhi karibu na mto; nani alitaka mawe yasiyoweza kulimwa? Yeye akaufungua mlango, akafagia popo waliokufa, na katika chumba kikubwa kuliko vyote akaweka kitanda cha chuma. Tangu siku hiyo wanawake wakaja kujifungulia pale.

Mimi nilikuwa mpangaji wake. Serikali ilinituma upande ule kujenga majosho ya ng'ombe, naye akanikodisha chumba cha nyuma ambamo setla aliweka matandiko ya farasi. Nilikaa humo miaka mingi kuliko nilivyopanga.

Alikuwa mrefu, mkavu, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko ya wanaume wengi. Alivaa koti zito la kijani ndani na nje, hata kanisani. Akiingia nyumba ya mtu, kabla ya salamu aliweka mgongo wa kiganja ukutani, kama anayepima homa. Kisha ndipo angesema, "Hamjambo." Au angesema, "Huu ukuta unalia," na mwenye nyumba angeona aibu kana kwamba amekutwa hajaoga.

Hakulala katika chumba chochote kizuri cha nyumba ile. Alilala stoo, kwenye kitanda chembamba kati ya magunia ya viazi. Barazani, mahali setla alipokaa kuutazama Mlima Kenya, sikumwona akiketi hata mara moja. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Mlima nauona nikiwa nimesimama."

Hakupokea malipo ila kuni. Ilikuwa desturi yetu tangu kale kwamba mwanamke akijifungua, wanawake wenzake humletea kuni, maana nyumba yenye mtoto mchanga haifai kuzimika moto. Nesi aliigeuza kidogo desturi hiyo. Kuni zilitangulia mtoto, na zilipasuliwa na mume, pale pale uani, wakati mkewe yuko chumbani na uchungu. Mume aliyefika mikono mitupu alipewa shoka.

"Lakini Nesi, mimi ni mwalimu," mmoja alilalamika, suruali yake ikiwa imepigwa pasi vizuri.

"Vizuri. Mwanamke anapasua mwili, wewe pasua gogo. Halafu utamwandikia insha."

Mchungaji naye alikiona cha moto. Alikuja kumwombea mwanamke, akasimama mlangoni, mlango wazi, akaanza sala ndefu. Nesi akamshika bega na kumtoa taratibu. "Mungu anasikia hata mlango ukifungwa, Mchungaji. Mtoto hasikii ila upepo." Na Jumapili iliyofuata alikuwa benchi la mbele, na koti lake la kijani, akiimba kwa sauti kuliko wote.

Mtoto akizaliwa, wanawake walipiga vigelegele vitano kwa mvulana na vitatu kwa msichana, kama ilivyo kwetu. Yeye hakupiga. Alisubiri waishe, kisha akasema, "Haya, kelele zimepeleka joto lote nje. Fungeni."

Sasa niseme jambo lililotufikisha kwenye matengenezo. Yeyote aliyewahi kukaa Endarasha mwezi wa saba anajua ukungu wake. Unashuka kutoka milima ya Nyandarua mchana na kukaa juu ya nyasi mpaka watu wanasahau jua liko upande gani. Katika mwezi wa saba mmoja alizaliwa mtoto kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba Nesi alimshika kwa kiganja kimoja. Waliwasha meko ya ukutani na kujaza magogo. Moto ulinguruma, nao ulipasha joto dohani peke yake. Nilipita pale asubuhi nikaona moshi ukipanda mnene na mweupe, nikadhani ndani kuna joto. Ndani mama alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi yote ya nyumba, na mtoto alikuwa amekufa.

Wiki ile ile afisa wa afya akaja kutoka Nyeri. Hakuwa mtu mbaya. Aliushika ukuta, akatazama dari iliyokuwa mbali juu kama ya kanisa, akasema chumba kile si mahali pa kuzalishia. Akampa Nesi mpaka baridi ya mwaka uliofuata. Kisipopata joto, atakifunga. Wakati huo huo walinzi wa msitu walipewa amri kali: hakuna kukata mti, ni kuokota matawi makavu tu. Kwa hiyo Nesi alitakiwa kupata joto zaidi kwa kuni kidogo zaidi. Akishindwa, mwanamke mwenye uchungu atabebwa mpaka Nyeri kwa njia ambayo wakati wa mvua hata trekta liliikataa.

Aliniita jikoni. Tangu siku ya kwanza jina langu kwake lilikuwa Diploma.

"Diploma. Huko ulikokaa, watoto wanakufa na baridi?"

"Hapana, Nesi. Nyumba zao zimefungwa vizuri."

"Na kuni?"

"Wanatumia kidogo. Joto wakishalipata hawaliachi liondoke."

"Basi fanya hii yangu isiachie."

Nilianza kama nilivyofundishwa, kwa kutafuta joto linatorokea wapi. Sikuwa na vyombo, basi nilichukua gunzi la mahindi, nikaliwasha, nikalizima, likabaki linafuka. Nikatembea nalo polepole kando ya kuta, madirisha na mbao za sakafu, nikitazama moshi unalala upande gani. Nesi alinifuata nyuma na kipande cha chaki, akiweka alama kila mahali moshi ulipovutwa. Tulipomaliza chumba kimoja, kilikuwa na chaki kama ubao wa shule.

Ni wakati wa kazi hiyo aliponiambia jambo ambalo sikulisikia tena kutoka kwake. Tulikuwa tumepiga magoti kwenye ufa wa sakafu. Gunzi sasa lilikuwa mkononi mwake, na chaki mkononi mwangu.

"Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia kijijini," alisema. Tulijua sote kijiji maana yake nini: ni vile vijiji vya Hali ya Hatari, walikorundikwa watu na kuzungushiwa handaki. "Nyasi za paa zilikuwa mbichi bado. Mvua inaingia. Nikawasha moto. Mlinzi akasema, saa ya moto imepita, zima. Nikazima."

Akapuliza gunzi likawaka jekundu.

"Alikuwa msichana. Weka alama hapa."

Nikaweka alama.

Mpango nilioutengeneza ninauonea fahari mpaka leo, na nimejenga mengi tangu wakati huo. Kwanza nilihamisha chumba cha kuzalia. Setla alikiweka magharibi, kwenye upepo wa Nyandarua. Mimi nikakipeleka upande wa Mlima Kenya, kwenye sebule yake yenye dirisha pana, nikaondoa kipande cha paa la baraza kilichozuia jua la asubuhi. Nikaziba dohani mbili kati ya tatu. Ukutani, kati ya jikoni na chumba kile, nikajenga jiko la matofali lenye bomba la kupeleka moshi nje, mgongo wake ukitokeza upande wa kitanda. Moto uliopika uji ulipasha pia ukuta, na matofali yalihifadhi joto muda mrefu baada ya makaa kuwa majivu. Nikaacha tundu dogo la hewa karibu na dari, maana chumba chenye watu hakizibwi kama chupa. Nikashusha dari. Juu yake palihitajika kitu chepesi cha kuzuia joto lisipande, na dirisha pana lilihitaji kufunikwa kwa ndani kila ukungu ulipofika.

Hivyo viwili, cha darini na cha dirishani, hatukuwa navyo. Hapo ndipo Nesi alipoanza kukopa.

Kwa mama mmoja mfugaji, ambaye tulimwita Mama Kondoo, alikopa magunia ya manyoya. Mama Kondoo hakuwa mtu wa kutoa bure.

"Nesi, haya ni ya kuuza."

"Sijasema nipe. Nimesema nikopeshe."

"Manyoya yanakopeshwa aje? Utayarudisha yakiwa yamevaliwa na panya?"

"Nitakurudishia gunia kwa gunia. Na binti yako akija kwangu hapo Disemba atalala chini ya hayo hayo."

Binti yake alikuwa na mimba. Magunia yakaja. Tuliyaosha manyoya kwa maji moto na magadi, tukayaanika kwenye ua mpaka watu wakasema Nesi amefuga mawingu. Tulipoyapanga juu ya dari tulinyunyizia maua ya pareto yaliyokaushwa, ambayo kila shamba la huko lilikuwa nayo, ili wadudu wasisogee.

Mbao za dirisha ndizo zilizotutoa jasho. Nilitaka mtarakwa mkavu uliokaa miaka, usioweza kupinda. Mbao mbichi ukiziweka kati ya jua la asubuhi na moto wa jioni zinajikunja kama ulimi. Na katika lokesheni nzima, mtarakwa wa namna hiyo ulikuwa kwa mtu mmoja.

Huyo alikuwa mzee mrefu, mjane, mmoja wa Wakristo wa kwanza wa upande ule. Aliziweka mbao zake juu ya nguzo za ghala, amezifunika kwa magunia, na kila mtu alijua za nini. Zilikuwa za sanduku lake. Watu walipita mbali na ghala lile. Kwetu mtu hatayarishi kifo chake hadharani namna hiyo. Wazee wa zamani wangesema anakiita. Yeye alisema, "Nilizika wenzangu kwa mbao za masanduku ya chai. Mimi sitazikwa na maandishi ya kampuni ubavuni."

Nesi alikwenda kwake na mimi nikiwa nyuma. Aliketi, akanywa uji, akauliza habari ya magoti yake. Kisha akasema, "Baba, mbao zako zinalala bure."

"Zinaningoja."

"Zinaweza kukungojea kwangu. Kwenye dirisha."

Mzee alimtazama kwa muda, akanigeukia mimi. "Huyu kijana atazikata?"

"Hatazikata."

"Atazipiga misumari?"

"Hata mmoja."

"Na nikifa kesho?"

"Nazileta kesho."

"Na ukifa kwanza wewe?"

"Basi mimi sitakuwa na haja ya dirisha. Watakurudishia."

Mzee alicheka, mara ya kwanza na karibu ya mwisho mimi kumsikia akicheka. "Unanikopa kaburi langu uzalishie watoto. Haya. Chukueni kabla sijafikiri."

Fundi asiye na shule angeshindwa hapo. Mbao za urefu wa mtu mrefu, dirisha ambalo upana wake haukufikia urefu huo, hakuna msumeno, hakuna msumari. Nilitengeneza fremu mbili zenye mifereji, nikazisimamisha ndani ya chumba, kupita kidogo kingo za dirisha, na mbao zikateremshwa kwa kulala, moja juu ya nyingine, zikishikana zenyewe kwa uzito wao. Asubuhi unazitoa zote ila ubao wa chini, jua liingie. Ukungu ukitokea unazirudisha. Ncha zake zilizidi dirisha kila upande, na watu walipouliza kwa nini, niliwaambia ndio mtindo wa ng'ambo. Wakaamini. Diploma inasaidia hata katika mambo kama hayo.

Wanawake waliojifungua pale hawakuambiwa mbao zile ni za nini. Tulijua sisi, Nesi, mzee na mimi. Kitanda kilikuwa chini ya dirisha, na mwanamke akishikwa na uchungu mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye ubao wa chini.

Afisa wa afya alirudi mwezi wa saba uliofuata, ukungu ukiwa umelala mpaka mlangoni. Alivua koti bila kuambiwa. Akauweka mkono kwenye ukuta wa matofali, akauondoa haraka, akauliza tunatumia kuni kiasi gani. Nesi akamwonyesha kifurushi ambacho mtoto wa shule angekibeba. Afisa akaandika anachoandika, akaondoka, na chumba hakikufungwa. Siku hiyo nilikwenda kunywa chai hotelini, nikakaa meza ya kwanza.

Nesi hakunishukuru. Alisema, "Sawa, sasa tufanye kazi." Lakini tangu hapo aliniwekea viazi vya kuchoma kwenye mgongo wa jiko kila jioni, na nilipochelewa nilivikuta bado moto.

Jambo moja lilinishangaza. Kuni sasa zilitosha na kuzidi. Rundo uani lilifika dirishani. Hata hivyo kila mume aliyekuja alipewa shoka kama zamani. Nilimwambia, kama mtaalamu, kwamba haina haja.

"Nani amesema ni ya kuni?" alijibu. "Akikaa hotelini hasikii kitu. Akiwa hapo uani anasikia kila kitu."

Mzee naye alikuja kila Jumapili baada ya kanisa kuulizia mali yake. Nesi hakuruhusu mwanamume aingie, kwa hiyo alisimama nje ya dirisha akiongea na kioo.

"Zimepinda?"

"Hazijapinda, Baba."

"Zimeingia mdudu?"

"Nenda nyumbani, Baba. Kuna mtu na uchungu humu."

"Mwambie ashike vizuri. Ni mbao nzuri hizo."

Nisidanganye kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Joto si uhai. Hayo ni maneno yake. Mwaka mmoja walizaliwa mapacha ukuta ukiwa moto na chumba kikavu kama ghala la pareto, na mmoja akaishi, mwingine akafa akiwa na joto. Nesi alikaa naye mapajani mpaka alipopoa. Mimi nilikuwa upande wa jikoni nikichochea, na nilimsikia akimwambia mtoto yule, si kwa kulia, ni kwa sauti ya mtu anayebishana: "Hukukosa kitu. Safari hii hukukosa kitu." Aliendelea kuyasema mpaka Mama Kondoo, ambaye alikuwa amekuja na kuni, akamwondolea mtoto mikononi.

Wengine walikufa, wengi wakaishi. Wanaoishi utawakuta mpaka leo Nyeri, Murang'a, hata Nairobi, na hawajui walizaliwa kando ya sanduku la mtu.

Mimi nilipandishwa cheo na kuhamishiwa Murang'a. Nikajenga shule, nikajenga soko, nikanunua pikapu, mpya, si ya mkono wa pili. Nilikuwa nikipita kumwona kila nipandapo upande ule. Mara ya mwisho ni yeye aliyeniita. Alituma neno kwa dereva wa maziwa: Diploma aje na gari, aje mchana.

Nilimkuta uani. Rundo la kuni lilikuwa limekwisha kugawanywa. Palibaki maganda tu ardhini. Aliniamkia na mikono yake ikiwa mifukoni mwa koti la kijani, na Nesi hakuwa mtu wa kuweka mikono mifukoni.

"Nimefunga," alisema.

"Umefunga nini?"

"Chumba." Akaitoa mikono. Ilikuwa inatetemeka, yote miwili, ile mikubwa, kama majani ya mkaratusi. "Mwezi jana mtoto aliniteleza. Akaangukia godoro. Hakuumia. Wa pili ataangukia sakafu. Nimewaambia waende Nyeri."

"Nyeri ni mbali, Nesi. Njia ni ile ile."

"Najua njia. Niliitembea." Akaanza kwenda mlangoni. "Njoo. Sitaki kufa na vitu vya watu."

Kwetu mzee anayeona siku zake ziko karibu huwaita watu na kutaja madeni yake, asije akawaachia walio hai. Yeye hakuita mtu. Aliamua kuyapeleka mwenyewe. Mama Kondoo tulimpelekea magunia, gunia kwa gunia, manyoya mapya aliyoyakusanya kidogo kidogo kwa wafugaji miaka yote ile bila mimi kujua. Mama Kondoo alisimama mlangoni na mikono kichwani.

"Nesi, mimi nilisahau hayo! Rudi nayo. Binti yangu alijifungulia kwako, mjukuu anaenda shule. Manyoya ni nini?"

"Ulisema nitayarudisha yamevaliwa na panya. Kagua."

"Mimi sikagui."

"Kagua."

Mama Kondoo akafungua gunia moja, akaingiza mkono, akaanza kulia mkono ukiwa bado ndani.

Kisha tukarudi kuzitoa mbao. Nesi hakukubali nizitoe peke yangu. Alishika ncha moja na mimi nyingine, ubao ukitetemeka kwa mikono yake, na tulipomaliza dirisha lilibaki kioo kitupu na ukungu ukiwa umekaribia barazani. Niliusikia ubaridi ukiingia chumbani mwangu. Nasema chumbani mwangu kwa kuwa ni mimi niliyekitengeneza.

"Nikuletee mbao nyingine," nikamwambia. "Nina mbao Murang'a. Nitaleta kesho."

"Za nini? Hakuna anayezaliwa."

"Wewe uko hapa."

"Mimi nina koti."

Mzee alikuwa ameketi mlangoni kwake kwenye kiti cha kamba. Alikuwa amezeeka sana, magoti hayainuki, lakini macho yake yalikuwa mazima. Alitutazama tukishusha mbao moja moja na kuziegemeza ghalani, na uso wake ukabadilika.

"Nesi. Nani amekuambia mimi nakufa?"

"Hakuna."

"Tulipatana unirudishie nikifa. Mimi nimekula asubuhi. Nimekula viazi. Mbona unaniletea?"

"Tulipatana pia nikitangulia mimi."

Kuku walipita kati yetu. Nesi alirudisha mikono mifukoni, lakini mzee alikuwa amekwisha kuiona ikitetemeka.

"Basi kaa nazo," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Utengenezewe wewe. Mimi nitapata za masanduku ya chai."

"Baba, nimetembea nyumba zote leo ili nisilale kwenye kitu cha mtu. Usiniharibie kazi."

Aliomba ubao mmoja. Nikamwekea mapajani, ule wa chini kabisa. Ulikuwa umekuwa mweusi na laini kwa kushikwa miaka mingi. Akaupapasa, akafika kwenye ukingo wake wa juu, vidole vikasimama. Ukingo wote ulikuwa na mikwaruzo, mingine mifupi, mingine mirefu na mizito kama iliyochorwa kwa patasi, imerundikana moja juu ya nyingine toka ncha hadi ncha.

"Hii ni nini? Panya?"

"Ni kucha," Nesi akasema.

"Kucha za nani?"

"Za wanawake wa hapa. Wote. Kitanda kilikuwa chini ya dirisha." Akainama, kwa shida, akatazama, akaweka kidole chake kinachotetemeka karibu na ncha moja. "Binti yako mdogo alikuwa analala kichwa upande huu. Alishika hapa. Alinisumbua mchana kutwa."

Binti huyo alikuwa ameolewa mbali. Alikuja mara moja kwa mwaka. Mzee aliweka kidole gumba kwenye mkwaruzo na kukiacha hapo. Ukungu ulifika, ukafunika ghala, ukafunika pikapu yangu. Kisha akaniita.

"Kijana. Wewe ndiye utanitengenezea?"

"Ukitaka, Mzee. Nitaacha kazi yoyote nije."

"Ukija, na diploma yako," alisema, "usizipige randa."

Nikamwahidi. Nesi alikuwa amekwisha kuanza kwenda kwenye gari. Nilimfungulia mlango, akaingia, akaweka mikono yake miwili mapajani mahali ninapoiona, wala hakujaribu tena kuizuia.

"Kazi imekwisha?" nikamuuliza.

"Imekwisha," alisema. "Twende nyumbani, kuna baridi."